Kukadiria Hasara ya Tetemeko la Ardhi kwa Mji Mmoja: Mwongozo Kamili wa Kutumia OpenQuake na Data za Kimataifa

Wahandisi vijana, maofisa maafa wa halmashauri na wanafunzi wa jiolojia wanaojaribu kukadiria hasara ya tetemeko kwa mji wao hukwama karibu wote mahali pamoja. Programu wameipakua, maelekezo wameyasoma na hesabu imekwenda hadi mwisho bila kulalamika, lakini jibu lililotoka hawezi kuliamini mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya nyumba iliyobomolewa na tetemeko. Kasoro kwa kawaida haimo ndani ya programu. Imo kwenye mshono, pale data za dunia nzima zinapokutana na taarifa za mtaa, na mshono huo hakuna mtaalamu wa Pavia, Italia, inakotengenezwa OpenQuake, wala wa Golden, Colorado, kwenye kituo cha matetemeko cha Marekani, anayeweza kuushona kwa niaba yako.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: tetemeko la ukubwa wa 5.9 lililopiga mkoa wa Kagera tarehe 10 Septemba 2016, na mji wa Bukoba kama mahali pa kukadiriwa. Ukiweza kulipiga hesabu tukio hili na ukapata jibu lenye maana, utaweza kufanya hivyo kwa Mbeya, Bukavu, Fort Portal au Nakuru.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye kumbukumbu isiyopungua GB 8. Kwa hesabu ya mkoa mzima, GB 16 zitakuokolea muda mwingi.
- OpenQuake Engine, programu huria ya kukokotoa mtikisiko na hasara za matetemeko, inayotolewa bure na GEM (Global Earthquake Model), taasisi isiyotafuta faida yenye makao yake Pavia, Italia.
- QGIS, kwa ajili ya kutazama ramani na kukagua mahali pointi zako zilipoangukia.
- Taarifa za matetemeko kutoka USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani, ISC, kituo cha kimataifa cha matetemeko kilichoko Uingereza, na katalogi ya ISC-GEM ambayo kumbukumbu zake zinaanza mwaka 1904.
- Ramani ya udongo ya USGS inayokadiria kasi ya mawimbi kwa kutumia mteremko wa ardhi.
- Takwimu za majengo: modeli ya majengo ya GEM, Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 ambayo nchini Tanzania iliambatana na sensa ya majengo, na mipaka ya mapaa kutoka Open Buildings ya Google au OpenStreetMap.
- Majedwali ya udhaifu ya GEM, yanayoeleza ni sehemu gani ya thamani ya jengo hupotea kwa kila kiwango cha mtikisiko.
- Fundi mwashi mmoja wa mji husika. Hili si pambo. Sababu itaonekana katika hatua ya saba.

Soma leseni ya kila data kabla ya kuigusa. Programu yenyewe unaweza kuitumia kwa uhuru mkubwa, ila ramani na modeli kadhaa za GEM hutolewa kwa leseni isiyoruhusu matumizi ya kibiashara, na kampuni ya bima au ya ushauri inayozitumia bila kuomba inajiingiza matatani.

## Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

Kuna maswali mawili yanayofanana kwa sura lakini yanayotaka hesabu tofauti. La kwanza ni hili: tetemeko la aina fulani likitokea mahali fulani, nyumba ngapi zitaharibika? La pili: katika miaka 50 ijayo, kuna uwezekano gani mji huu kutikisika kupita kiwango fulani? Swali la kwanza huitwa la tukio moja, la pili ni la uwezekano.

Anza na tukio moja, hata kama lengo lako la mwisho ni la pili. Jibu la tukio moja unaweza kulilinganisha na uharibifu ulioonekana kwa macho, ilhali hesabu ya uwezekano haina mahali pa wazi pa kuipimia, na anayeanza nayo hubaki hajui kama amekosea au amepata.

Umefaulu hatua hii ikiwa sentensi yako inataja mji, tukio, na kipimo cha hasara: nyumba, fedha au watu.

## Hatua ya 2: Patana na majirani kabla ya kukusanya data

Chora duara la kilomita 200 kuzunguka Bukoba. Kigali na Kampala zote zinaangukia karibu na ukingo wake, na ndani yake kuna sehemu za Uganda, Rwanda na Burundi. Ukilitanua kidogo linameza Bonde la Ufa la magharibi hadi Kongo ya mashariki. Nchi moja haiwezi kulipima tetemeko la eneo hili peke yake, kwa sababu kitovu, yaani nukta ya usoni mwa ardhi iliyo juu ya mahali tetemeko lilipoanzia, hupatikana kwa kulinganisha saa ambazo mawimbi yalifika katika vituo vya pande zote, na vituo vikiwa upande mmoja tu, kitovu huteleza kwa kilomita nyingi na kina ndicho huathirika zaidi.

Kwa hiyo andika barua mapema kwa taasisi za jiolojia: ya Tanzania iko Dodoma, ya Uganda iko Entebbe, na Goma kuna kituo cha uangalizi wa volkano ambacho hunasa pia matetemeko. Vituo kama Mbarara nchini Uganda na Kilima Mbogo nchini Kenya vimo katika mitandao ya kimataifa, na data zake unaweza kuzipata moja kwa moja.

Mapatano yawe ya maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja, na yajibu mambo manne: nani anatoa nini, kwa muundo upi wa faili, nani anaruhusiwa kuchapisha, na nani ana haki ya kusahihisha. Hilo la nne husahaulika sana. Taasisi iliyotoa namba ikija kugundua kwamba ilikosea, ni lazima iwepo njia ya masahihisho kufika kwa kila aliyezitumia.

Tahadhari: nyakati za katalogi za kimataifa ni za UTC, saa ya pamoja ya dunia iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Tetemeko la Kagera limeandikwa saa 12:27, ambayo kwa saa za Afrika Mashariki ni 15:27, yaani karibu saa tisa na nusu alasiri ya Jumamosi. Anayechanganya nyakati hizi huhesabu idadi isiyo sahihi ya watu waliokuwa ndani ya nyumba na madarasa.

## Hatua ya 3: Sakinisha programu na endesha mfano uliokuja nayo

Kwenye Windows kuna kisakinishi cha kawaida. Kwenye Linux na Mac pakua faili ya `install.py` kisha andika:

`python3 install.py user`

Ukimaliza, andika `oq webui start`, na ukurasa wa programu utafunguka katika kivinjari chako kwa anwani ya `localhost:8800`. Ndani ya OpenQuake mna folda ya mifano. Chukua ule wa ScenarioRisk na uuendeshe bila kubadilisha hata herufi moja.

Wengi huruka jambo hili kwa kuona linawachelewesha. Lakini mfano ukikataa, unajua tatizo liko kwenye kompyuta; mfano ukikubali na kazi yako ikakataa, unajua tatizo liko kwenye faili zako. Bila kipimo hicho utatafuta kosa pande mbili kwa wakati mmoja.

## Hatua ya 4: Tengeneza faili ya mpasuko

Tetemeko halitokei kwenye nukta. Hutokea kwenye bapa la mwamba lililopasuka na kuteleza, na OpenQuake inataka kujua pembe nne za bapa hilo, ukubwa wa tetemeko, mwelekeo wa mtelezo, na kiini, yaani mahali mpasuko ulipoanzia.

Kwa ukubwa wa 5.9, milinganyo ya Wells na Coppersmith ya mwaka 1994 hutoa eneo la kilomita za mraba 75 hadi 95 hivi, yaani bapa la takriban kilomita 9 kwa 9. Usichore bapa la kilomita 40 kwa sababu tu ufa uliochorwa kwenye ramani una urefu huo. Tetemeko la Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lilitoa nishati mara 22 hivi ya lile la Kagera, na bapa lake lilikuwa kubwa zaidi kwa mbali. Hili la kwetu ni dogo.

Kisha njoo kwenye kina, ambako makosa mengi zaidi hutokea. USGS ililipa tetemeko la Kagera kina cha kilomita 40, ambacho ni kirefu kwa tetemeko la bara. Mwanafunzi aliyezoea mifano ya Italia au California huandika 10 bila kufikiri. Tazama kinachofuata: kwa nyumba iliyo juu kabisa ya kiini, umbali unakuwa kilomita 10 badala ya 40, kwa nyumba iliyo kilomita 40 pembeni mwa kitovu, umbali wa kweli wa kilomita 57 hivi unashuka hadi 41. Mtikisiko karibu na kitovu utavimba mara kadhaa, na ramani itaonyesha duara dogo jekundu lenye maangamizi katikati, badala ya eneo pana lenye mtikisiko wa wastani.

Kwa kuwa kina ndicho kipimo chenye mashaka zaidi pale vituo vinapokuwa vichache, endesha hesabu kwa vina vitatu, kwa mfano 20, 30 na 40, na uhifadhi majibu yote.

Tahadhari: OpenQuake hutanguliza longitudo, halafu latitudo. Bukoba ni 31.81, -1.33. Ukizigeuza, mji wako unahamia jangwani Algeria, na kosa hilo utaliona mara moja. Kosa baya zaidi ni kusahau alama ya kutoa. Hapo Bukoba inaangukia nchi kavu ya Uganda, kusini mwa Masindi, mahali panapoonekana pa kawaida kabisa, na programu haitasema neno.

Utajua umefaulu ukifungua faili katika QGIS na kuona bapa likiwa mahali linapotakiwa, kingo zake zikiwa mstatili kamili. Pembe zisipolingana, programu hulikataa bapa na kukuambia hivyo.

## Hatua ya 5: Eleza udongo

Mtikisiko hubadilika sana kati ya mwamba na tope. Kipimo kinachotumika ni kasi ya mawimbi ya S, yanayotikisa ardhi kwa upande, katika mita 30 za juu za ardhi, ambayo kwenye faili huandikwa `vs30`. Mita 760 kwa sekunde ni mwamba. Kati ya 180 na 360 ni udongo mgumu kiasi. Chini ya 180 ni udongo laini wa kutiliwa shaka.

Ramani ya USGS hukisia kasi hii kutokana na mteremko: penye mteremko mkali inachukulia kuna mwamba, penye tambarare inachukulia kuna udongo. Kwa nchi nzima kanuni hiyo inatosha. Kwa Bukoba, mji ulio kati ya vilima vya mwamba wa mchanga na ukanda wa chini unaopakana na ziwa, huku Mto Kanoni ukipita katikati yake, kisanduku kimoja cha ramani chenye upana wa karibu kilomita moja hubeba mlima na bonde kwa pamoja na kutoa wastani usiomhusu mtu yeyote. Gawa mji katika kanda tatu au nne kwa kutumia ramani ya jiolojia na macho yako, kisha upe kila kanda thamani yake.

Safuwima za faili ya CSV ziwe `lon`, `lat`, `vs30`, pamoja na `vs30measured` (kama kasi imepimwa au imekisiwa) na `z1pt0` (kina ambako kasi hiyo hufika mita 1000 kwa sekunde) ikiwa utatumia mlinganyo wa Chiou na Youngs. Safuwima moja ikikosekana, hesabu itasimama. Andika `0` kwenye `vs30measured` isipokuwa mtu amepima kwa vifaa. Kukisia na kuandika `1` ni kudanganya mlinganyo kuhusu ukubwa wa mashaka yako.

## Hatua ya 6: Chagua milinganyo ya mtikisiko

Milinganyo hii hukadiria mchapuko wa ardhi, yaani jinsi kasi ya ardhi inavyobadilika inapotikisika, kwa kutumia ukubwa wa tetemeko, umbali na udongo. Imetungwa zaidi kutokana na vipimo vya Marekani, Japani, Taiwan, Ulaya na Mashariki ya Kati, kwa kuwa huko ndiko kwenye vipimo vingi. Afrika Mashariki haikai vizuri katika kundi moja: Bonde la Ufa linatanuka na lina matetemeko, lakini mwamba unaolizunguka ni wa kale, mgumu na baridi, na mawimbi husafiri mbali ndani yake bila kufifia haraka.

Jibu la uaminifu ni kutochagua mmoja. Tumia mti wa mantiki, yaani faili inayobeba milinganyo mbadala kila mmoja na uzito wake, wenye angalau mlinganyo mmoja wa ganda lenye matetemeko, mfano `ChiouYoungs2014`, na mmoja wa ganda tulivu, mfano `AtkinsonBoore2006`, na uupe kila mmoja uzito. Mizito ijumlishwe iwe 1. Ukiwa huna sababu ya kupendelea upande wowote, weka nusu kwa nusu na uandike hivyo katika ripoti.

Utajua umefaulu ikiwa unaweza kueleza kwa nini kila mlinganyo umo. "Ndio uliokuwa kwenye mfano" si sababu.

## Hatua ya 7: Hesabu majengo kwa jinsi yalivyojengwa

Hapa ndipo jibu la mwisho linapoamuliwa, na hapa ndipo ninapopendekeza utumie nusu ya muda wako wote.

Data ya majengo ambayo GEM huiweka wazi kwa kila mtu iko katika ngazi ya mkoa. Inakueleza Kagera ina mchanganyiko gani wa nyumba, lakini haikuelezi kata ipi ina nyumba zipi. Kuigawa kwa mji, chukua idadi ya mapaa kutoka Open Buildings, ilinganishe na idadi ya kaya katika sensa, kisha nenda mtaani na uandike sampuli ya nyumba kwa kila kata.

Kwa Kagera makundi matano yanatosha kuanzia:

- Nyumba za fito na udongo, ambazo msimbo wa GEM huziandika `W+WWD`.
- Nyumba za matofali mabichi, zinazobeba alama ya `ADO` ndani ya kundi la `MUR`, yaani kuta zisizo na nondo.
- Nyumba za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, `CLBRS` pamoja na `MOM`.
- Nyumba za matofali ya kuchoma au ya saruji yaliyounganishwa kwa saruji.
- Majengo ya nguzo na mihimili ya zege, `CR`.

Kutenganisha kundi la tatu na la nne ndiko kunakowashinda wengi. Nyumba zote mbili zimepigwa lipu ya saruji kwa nje, zimepakwa rangi na kuezekwa bati; ukipita na gari utaziandika kundi moja. Lakini ndani ya ukuta wa kwanza matofali yameshikwa na udongo mkavu ambao hauna mshiko wowote ukuta unaposukumwa kwa pembeni. Mwambie fundi akutazamie mahali ambapo mwenye nyumba hakupoteza lipu: ukuta wa nyuma ya jiko, ubavu wa choo cha nje, pembetatu ya juu ya ukuta chini ya kenchi, au pembeni mwa dirisha palipobanduka. Chokonoa kiungo kwa msumari. Saruji inakwaruzika kwa shida, udongo unamwagika. Fundi aliyejenga mtaani hapo miaka mingi mara nyingi atakujibu kabla hujatoa msumari mfukoni.

Muulize pia kuhusu linta: je, inaishia juu ya dirisha, au imezunguka nyumba nzima kama mkanda? Tofauti hiyo haionekani kwenye picha za setilaiti, na haimo kwenye dodoso la sensa, lakini ndiyo inayoamua kama kuta nne zitatikisika kwa pamoja au kila moja itaanguka upande wake.

Shule zihesabiwe peke yake. Katika tetemeko la 2016, sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Majengo machache yenye watu wengi hupotea kabisa ndani ya wastani wa kata.

Kuhusu thamani, andika gharama ya kujenga upya, si bei ya soko. Bei ya soko hubeba kiwanja, na kiwanja hakianguki. Kuhusu watu, jaza safuwima ya mchana na ya usiku kila moja kwa takwimu zake.

Utajua umefaulu ikiwa jumla ya wakazi katika faili yako inakaribia ya sensa, na ikiwa fundi wako akionyeshwa asilimia za kata yake hacheki.

## Hatua ya 8: Oanisha majengo na majedwali ya udhaifu

Kila aina ya jengo katika faili yako ni lazima ipate jedwali lake. Isipopata, OpenQuake husimama na kukuorodheshea misimbo iliyokosa jedwali. Wengine wakifika hapo hubadilisha majina hadi ujumbe unapotoweka, na hivyo nyumba za fito na udongo zinajikuta zimepewa udhaifu wa ghorofa la zege. Hesabu inaendelea vizuri sana baada ya hapo, na hilo ndilo la kuogopwa.

Tumia faili ya uoanishaji, ambamo kila msimbo unaelekezwa kwenye jedwali moja au zaidi kwa uzito. Kundi ambalo huna hakika nalo, ligawe: sehemu ielekee jedwali la udongo, sehemu jedwali la saruji, kwa uwiano uliouona kwenye sampuli. Majina ya safuwima za faili hii yamebadilika kati ya matoleo ya programu, hivyo fuata kitabu cha maelekezo cha toleo lako.

## Hatua ya 9: Andika faili ya kazi na uendeshe

Mistari ya msingi ya `job.ini` ni hii:

`calculation_mode = scenario_risk`
`rupture_model_file = mpasuko.xml`
`rupture_mesh_spacing = 2.0`
`site_model_file = udongo.csv`
`exposure_file = majengo.xml`
`taxonomy_mapping_csv = uoanishaji.csv`
`structural_vulnerability_file = udhaifu.xml`
`gsim_logic_tree_file = milinganyo.xml`
`truncation_level = 3`
`maximum_distance = 200`
`number_of_ground_motion_fields = 1000`
`random_seed = 42`

Kisha: `oq engine --run job.ini`

Mistari miwili inahitaji maelezo. `truncation_level` ikiwekwa 0, programu hutoa mtikisiko wa kati peke yake, bila kutawanyika, na ramani elfu moja zinakuwa ramani moja iliyorudiwa. Ukweli ni kwamba matetemeko mawili ya ukubwa uleule na umbali uleule yanaweza kutofautiana karibu mara mbili juu au chini ya makadirio, na hasara haipandi kwa mstari ulionyooka. Acha 3.

Nambari ya `random_seed` inaweza kuwa yoyote, ila iandike kwenye ripoti. Mwenzako wa Entebbe akiitumia pamoja na faili zako na toleo lilelile la programu, ni lazima apate jibu lako.

## Hatua ya 10: Kagua kabla ya kumwonyesha mtu

Toa matokeo kwa `oq engine --export-outputs`, yafungue katika QGIS, na uyapitishe kwenye maswali haya.

Je, vipimo vya mchapuko viko katika *g*, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia? Ukiona 1.5 mjini Bukoba kwa tetemeko hili, kuna kosa: ama kina, ama umbali, ama vipimo vya mita kwa sekunde mraba vimejipenyeza mahali pa *g*.

Je, mabonde yametikisika kupita vilima vilivyo umbali uleule? Kama hapana, faili ya udongo haikusomwa.

Je, hasara imelalia nyumba za udongo na matofali yaliyoshikwa na udongo? Kama majengo ya zege ndiyo yanayoongoza kwa uwiano, rudi hatua ya nane.

Je, hesabu inakaribia yaliyotokea? Linganisha na ripoti za tathmini za wilaya za Missenyi na Bukoba, na pia na taarifa za waliohisi tetemeko ambazo USGS huzikusanya kutoka kwa wananchi. Usitegemee kulingana kabisa. Jibu ambalo uharibifu halisi unaangukia ndani ya masafa ya ramani zako 1000 ni jibu zuri, na jibu lililolingana barabara baada ya wewe kusukuma thamani za udongo huku na huko halina faida kwa tetemeko lijalo.

## Hatua ya 11: Kutoka tukio moja kwenda uwezekano

Ukifika hapa, faili za udongo, majengo na udhaifu ziko tayari. Kinachobadilika ni kwamba badala ya mpasuko mmoja unaweka vyanzo vyote vya matetemeko vya eneo. Usivitunge upya. Omba modeli ya GEM ya Afrika kusini mwa Sahara na uitumie kama ilivyo kwanza.

Ukilazimika kutengeneza katalogi yako, geuza vipimo vyote vya ukubwa viwe vya aina moja, Mw (ukubwa unaotokana na eneo la mpasuko na kiasi cha mtelezo), kisha ondoa mitetemo ya kabla na baada ya tetemeko kuu, maana hesabu huchukulia kila tukio linajitegemea. Kagua kwa matukio yanayojulikana: tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, la Subukia nchini Kenya la tarehe 6 Januari 1928, na la Toro nchini Uganda la tarehe 20 Machi 1966. Katalogi isiyo na mojawapo ya hayo haijakamilika.

Ramani utakayopata mara nyingi itakuwa ya "miaka 475". Hiyo ni njia nyingine ya kusema uwezekano wa asilimia 10 katika miaka 50. Usiruhusu mtu yeyote kwenye kikao aondoke akidhani tetemeko linakuja kila baada ya miaka 475, wala kwamba likishakuja mji umepumzika.

## Hatua ya 12: Rudisha ulichokipata

Sampuli yako ya kuta za Bukoba ina thamani kwa GEM kuliko ramani yoyote uliyochora kwa data yao, kwa sababu ndiyo kitu ambacho hawawezi kukipata wakiwa Pavia. Itume, pamoja na maelezo ya namna nyumba zilivyochaguliwa, idadi kwa kila kata, na picha za kuta zisizoonyesha watu wala namba za nyumba. Nakala ipelekwe Dodoma, Entebbe na kwa kila aliyetia saini mapatano ya hatua ya pili.

Folda unayoituma iwe na faili zote za kuingiza, `job.ini`, toleo la OpenQuake lililotumika, tarehe ulizopakua kila data ya nje, na orodha fupi ya thamani ulizokisia na sababu zake. Majibu ya hesabu yafuate mwisho, kwa vina vyote vitatu, na jina la faili libebe kina chake ili anayeifungua asidhani cha kilomita 20 ndicho cha pekee.